IST ya kwenda kazini, pikapu ya vizimbani: kisa cha familia moja ya Usagara

Mwenye kisa hiki ni mtumishi wa ofisi moja mjini Mwanza. Anakaa Usagara, na yeye na mkewe wanafuga sato kwenye vizimba upande wa Sengerema, mbele kidogo ya Busisi. Nitamwita Baba Kulwa. Gari lao lilikuwa moja tu, Hilux Vigo ya dizeli yenye injini ya lita 2.5 na gia za mkono, na lilinunuliwa kwa ajili ya vizimba: kubeba chakula cha samaki, barafu, deli za sato siku ya kuvuna. Lakini gari likiwa moja nyumbani, mwenye kazi ya mshahara ndiye anayeondoka nalo asubuhi. Kwa hiyo karibu kila siku ya wiki pikapu yenye uwezo wa kubeba tani nzima ilikuwa inabeba mtu mmoja na mkoba wake mpaka mjini, inashinda juani kwenye maegesho, na jioni inarudi.

Mkewe ni wa ukoo wetu, ndiyo maana Baba Kulwa ananiita shemeji. Na kwa kuwa shughuli yangu ni kuandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, alinitafuta.

"Shemeji, kuna IST nimeiona, namba D, wanataka milioni tisa na nusu. Dizeli inanimaliza. Nipigie hesabu."

IST ni Toyota ndogo ya petroli, na D ni herufi inayoanza kwenye namba yake ya usajili hapa nchini. Alikuwa hataki hesabu, alikuwa anataka baraka. Ila hesabu ndizo ninazojua, tukakaa tukaanza na hayo mafuta yaliyokuwa yanammaliza.

Kutoka kwake mpaka ofisini ni kama kilomita 22: Usagara, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo, mjini. Kwenda na kurudi 44. Kwa siku 25 za mwezi, kwa sababu na Jumamosi huwa anaingia, ni kilomita 1,100. Pikapu yake kwa njia hiyo na foleni yake ilikuwa inakwenda kilomita 9 kwa lita. IST ya injini ya 1.3, ikiwa nzima na kiyoyozi kikiwashwa njiani, tuliipa kilomita 13. Watu watakuambia IST inakwenda 18. Inakwenda, kwenye lami tupu ya kuelekea Shinyanga usiku. Mkuyuni saa moja na nusu asubuhi haifiki huko.

Bei ya mafuta tuliiweka Sh3,000 kwa lita, petroli na dizeli sawa. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwezi mmoja dizeli iko juu, mwezi mwingine petroli, kwa hiyo kujenga uamuzi wa miaka mitatu juu ya tofauti ya bei ya mwezi huu ni kujidanganya. Kwa mahesabu hayo, pikapu ilikuwa inakula lita 122 kwa mwezi kwenda kazini tu, yaani kama Sh366,000. IST ingekula lita 85, kama Sh254,000. Tofauti ni Sh113,000 hivi kwa mwezi, au Sh1.35 milioni kwa mwaka.

Baba Kulwa aliiangalia ile namba, akagawanya milioni tisa na nusu kwa simu yake. Miaka saba. Akanyamaza.

Hapa ndipo wengi huishia, ama wakanunua kwa hasira ama wakaacha kwa hofu. Lakini kugawanya bei ya gari kwa akiba ya mafuta ni hesabu isiyo na maana, na inapotosha kwa upande wa pili. Ile milioni tisa na nusu hailiwi, inalala kwenye bati. IST ya namba D ukiitunza miaka mitatu unaiuza, na unachopoteza ni tofauti kati ya uliyonunulia na uliyouzia. Na magari haya madogo ya Toyota bei yake haishuki haraka hapa kwetu, kwa sababu ya kodi. Ukiagiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini na VAT, unabandikwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. IST zile za kwanza zilianza kutoka kiwandani Japani mwaka 2002, na umbo lile likaisha 2007, kwa hiyo kila inayoingia leo inapigwa na hiyo asilimia 30. Zilizokwisha kuingia zinakuwa lulu. Dalali analijua hilo kuliko mhasibu yeyote.

Tukaandika upya, safari hii kwa gharama ya kumiliki. Kushuka kwa bei: Sh1 milioni kwa mwaka, na hapo nilikuwa mkali makusudi. Bima ndogo ya gari dogo binafsi: Sh118,000 pamoja na VAT. Huduma na vitu vidogo vidogo, bushi, shokapu, betri, tairi: Sh700,000. Jumla Sh1.8 milioni na kitu, sawa na Sh150,000 kwa mwezi.

Jambo moja lilimsaidia bila yeye kujua. Zamani kila gari lilikuwa na ada yake ya mwaka ya leseni ya barabara, liwe linatembea au limelala uani. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliifuta ada hiyo na kuihamishia kwenye mafuta, Sh40 kwa kila lita. Tangu hapo gari la pili lililoegeshwa halidaiwi kitu kwa kuwapo tu, unalipa unapotembea. Kwa mwenye magari mawili na dereva mmoja, hiyo ni nafuu ya kweli, na nashangaa watu hawaitaji wanapopiga hesabu za gari la pili.

Hata hivyo namba zilisema wazi: akiba ya mafuta Sh113,000, gharama ya kumiliki Sh150,000. Kwa mafuta peke yake, IST ingemtia hasara ya karibu Sh37,000 kila mwezi. Dizeli ilikuwa haimmalizi kiasi alichodhani.

Akaleta hoja ya pili, ya mafundi: dizeli haipendi mjini. Ina ukweli, ila inategemea unakaa wapi. Injini ya dizeli inachelewa kupata joto, na ikizimwa kabla haijapata joto lake, siku baada ya siku, masizi yanaganda kwenye njia ya hewa na oili inachafuka mapema. Kwenye dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi ni balaa zaidi, kwa sababu chujio lile linajisafisha kwa kuchoma masizi yenyewe, na bila mwendo mrefu wa joto haliwezi. Mtu anayekaa Nyegezi na kufanya kazi Butimba na dizeli ya namna hiyo anajitafutia bili. Baba Kulwa hayumo humo. Vigo yake haina chujio hilo, na akifika Buhongwa injini imeshapata joto lake. Kinachoumia kwake ni klachi na breki pale kati ya Mkuyuni na Igogo, anaposogea hatua tatu anasimama.

Ila kuna kitu cha kilomita ambacho mafundi hawakukitaja na mimi nilikitafuta. Injini ile inatumia mkanda wa taimingi, si cheni, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 150,000 hivi. Kuna hata taa yake kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu zinakutana na pistoni na umeingia kwenye gharama ya kununua injini. Pikapu ilikuwa kwenye 138,000. Kwa mwendo wa wakati ule, kazini pamoja na safari za mwisho wa wiki za vizimbani, ilikuwa inaongeza kilomita 1,260 kwa mwezi, kwa hiyo ingefika 150,000 kabla ya mwaka kwisha. Oili nayo ni karibu lita 7 kila huduma, wakati IST haifiki lita 4. Injini ya IST inatumia cheni. Ukitenda haki kwenye oili, cheni inakusahau.

Hayo yote yanapunguza ile hasara ya Sh37,000, pengine yanaifuta. Lakini kununua gari ili usipate hasara si sababu ya kununua gari. Na kuna daladala. Nauli ya kwenda na kurudi Usagara haifiki hata robo ya Sh14,600 alizokuwa anachoma kila siku kwa pikapu. Nilimwambia. Akasema kazi yake inamtoa ofisini mara mbili tatu kwa siku kwenda kukagua mambo. Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba bosi wa kitengo hashuki kwenye daladala pale Igogo mbele ya walio chini yake, na mimi siandiki aibu kwenye daftari la gharama, lakini najua ipo.

Mambo yangeishia hapo kama mkewe asingeingia na chai.

Alikuwa amesikia yote toka jikoni. Akauliza: "Sasa mbona mnahesabu gari la kwenda kazini tu? Mimi je?" Akaleta daftari lake la vizimba, lile la kurasa za mistari lenye alama za vidole vya unga wa samaki, akafungua nyuma ambako huandika anazoita hela za njiani, hasa za kukodi kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Kirikuu, Sh70,000. Kirikuu, Sh70,000. Kirikuu na barafu. Kirikuu, amechelewa, sato wameuzwa kwa mchuuzi wa Busisi. Kwa wastani safari sita kwa mwezi.

Mambo yalikuwa hivi. Chakula cha samaki kikifika Usagara siku ya katikati ya wiki, pikapu iko mjini. Wateja wa hoteli wakitaka sato Alhamisi, pikapu iko mjini. Mama Kulwa anapiga simu kwa wenye kirikuu pale stendi, anakubali bei wanayotaja kwa sababu samaki wameshatolewa majini, na kirikuu anakuja saa anayotaka yeye. Zamani kabla ya daraja walikuwa na kisingizio cha kivuko, unasubiri mpaka barafu inageuka maji. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa, kilomita 3 za juu ya maji kati ya Kigongo na Busisi unazipita kwa dakika chache, na safari nzima ya kwenda vizimbani na kurudi ni kama kilomita 40. Pikapu ingekuwa nyumbani, safari hiyo ni dizeli ya Sh13,300. Yeye mwenyewe ana leseni na anaendesha vizuri kuliko mumewe, jambo ambalo mumewe halipingi ila halitaji.

Kwa hiyo kila safari ya kirikuu inayofutwa inarudisha kama Sh56,700. Safari sita ni Sh340,000 kwa mwezi. Hilo ni mara tatu ya akiba ya mafuta aliyokuja nayo Baba Kulwa, na sijaweka samaki waliouzwa kwa bei ya mchuuzi kwa sababu usafiri ulichelewa, kwa kuwa Mama Kulwa hakuandika tofauti ya bei na mimi sikutaka kubuni.

Sura ya swali ikabadilika kabisa. Baba Kulwa alikuwa anaulizia gari la bei rahisi la kukimbia dizeli, kumbe gharama kubwa ya familia ilikuwa pikapu kushinda mjini imefungwa. Weka pamoja: mafuta Sh113,000, kirikuu Sh340,000, toa gharama ya kumiliki Sh150,000. Zinabaki kama Sh300,000 kila mwezi. Na hapo pikapu inashuka mpaka kilomita 400 kwa mwezi, kwa hiyo ule mkanda wa taimingi unasogea mbele zaidi ya miaka miwili.

Tuligeuza na upande wa pili, kwa sababu shemeji au si shemeji, hesabu inajaribiwa. Vipi kama wanauza pikapu, wananunua IST, na wanaendelea kukodi kirikuu? Safari sita za katikati ya wiki na nne za mwisho wa wiki zingekuwa Sh700,000 kwa mwezi, lakini hilo si wazo baya, maana linafungua mamilioni ya kuongeza vizimba. Mama Kulwa ndiye aliyelikataa, na sababu yake haikuwa ya hesabu za mwezi. Siku ya kuvuna kizimba kizima unahitaji gari saa kumi alfajiri, si saa mbili kirikuu akishakunywa supu. Nilikubaliana naye. Kwa mtu anayebeba mzigo mara moja kwa mwezi, ningesema uza pikapu kesho.

Ubaya ulikuwa kwenye pesa ya kununulia. Baba Kulwa alitaka kuchukua mkopo wa mshahara. Kwa riba aliyotajiwa, asilimia 16 kwa mwaka, mwaka wa kwanza tu riba inaweza kukaribia Sh1.5 milioni, zaidi ya akiba yote ya mafuta. Bila mkopo, safari moja tu ya kirikuu inayofutwa kwa mwezi inatosha kuziba lile pengo la Sh37,000. Kwa mkopo zinahitajika tatu kabla hujaona shilingi. Sato wa vizimba huchukua miezi sita mpaka minane toka kifaranga mpaka kuvunwa, na kizimba kimoja kilikuwa kimebakiza miezi miwili. Wakasubiri. Nadhani huo ndio uamuzi bora kuliko wote katika kisa hiki, na ndio uliokuwa mgumu, maana dalali alikuwa anapiga simu kila jioni kusema kuna mtu wa Geita anaitaka.

Mtu wa Geita, kama alikuwapo, Mungu amsaidie. Pesa zilipopatikana IST ile ilikuwa bado ipo, tukaenda na fundi. Aliomba iwe haijawashwa tangu usiku. Akafungua kifuniko cha oili akapitisha kidole ndani, akachungulia chini kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, kama imegongwa na mawe, maana gari lililoishi milimani huku kwetu lina historia yake tumboni. Kisha akafanya kitu ambacho sikukijua. Alizungusha ufunguo bila kuwasha injini, akaitazama dashibodi. Kwenye IST dashibodi iko katikati, kwa hiyo wote tuliiona. Taa ya oili iliwaka, ya betri ikawaka. Ya injini haikuwaka.

"Hii inatakiwa kuwaka hapa, halafu izime ukishawasha," alisema. "Isiyowaka kabisa imezibwa." Akawasha, akaliacha lingurume kama dakika tano, akakanyaga mafuta ghafla. Moshi wa bluu. Hakuendelea hata na gia boksi.

Wakapata nyingine wiki chache baadaye, bei ile ile, kwa mwalimu aliyekuwa anahamishwa kituo. Jina kwenye kadi lilikuwa lake mwenyewe, gari halidaiwi faini za trafiki wala ada za maegesho, vyote hivyo unaviangalia kwenye mtandao kwa namba ya gari kabla hujatoa senti. Kuhamisha umiliki TRA: ada Sh50,000, kadi mpya Sh10,000, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei. Usiache gari kwenye jina la mtu kwa sababu ni mwaminifu. Waaminifu nao wanakufa, na warithi wana kadi.

Baada ya miezi michache IST imefanya tuliyotarajia, karibu. Inakwenda kilomita 12 na nusu badala ya 13. Barabara ya vumbi kutoka lami mpaka kwao ina jiwe moja ambalo pikapu ilikuwa hailioni na IST inalisalimia kwa bampa, kwa hiyo fundi ameifungia bati la chini kukinga sampu. Kirikuu wameshuka mpaka safari moja kwa mwezi, siku Mama Kulwa anapokuwa na mgonjwa au kikao.

Gharama ambayo sikuiandika ni ndugu. Pikapu ikiwa mjini ilikuwa haina ndugu. Ikikaa uani Usagara mchana kutwa, kila mwenye mifuko mitano ya saruji na kila mwenye kitanda cha kuhamisha anaikumbuka. Kuazima kwa ajili ya msiba ni haki, hakuna wa kukataa. Lakini saruji? Mwezi wa kwanza pikapu ilifanya kilomita nyingi kuliko hesabu yetu na hakuna hata sato mmoja aliyepanda.

Mama Kulwa alilimaliza mwenyewe. Mtu akija kuazima, anamkaribisha maji, anamwambia gari lipo, mafuta anaweka yeye hapo sheli kabla ya kuondoka, na kwenye usukani atakaa yeye Mama Kulwa, si mwingine. Anayetaka dereva wake na mafuta ya kuahidi anapewa namba ya simu ya kirikuu. Wengi siku hizi wanaanza na hiyo namba.